Nilisema "Nzima" Kabla ya Kuyaangalia Maganda

Kamba ilikuwa ya katani, urefu wa mita kumi hivi, na ncha moja nilikuwa nimeizungushia kiganjani mara mbili. Ncha ya pili ilikuwa kwenye kifyatulio cha bunduki iliyolazwa juu ya tairi la trekta na kukazwa kwa mipira ya kufungia mizigo, mfano wa majeruhi kwenye machela. Mimi na Mzee tulikuwa tumechutama nyuma ya pikapu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Minnesota, baridi bado haijafika ila imeshatuma salamu.

"Vuta, kijana."

Sikuvuta.

"Sasa unangoja nini? Hii kitu haiwezi kujivuta."

Nilikuwa natafuta sababu ya kutovuta. Siku mbili nzima nilikuwa nimeifungua ile bunduki, nimeimulika, nimeipapasa, na karibu kila nilichokiona kiliniambia itapiga vizuri tu. Nasema karibu. Kuna kitu kimoja nilikiona nikakiruka, na mkono ulikuwa bado unakikumbuka.

Nikavuta.

Mlio wa bunduki kubwa ukifika, kifua hupata habari kabla ya masikio. Tairi likatikisika, kunguru wakaondoka kwenye mti wa jirani, moshi mwembamba ukapanda ukapotea. Nilipochungulia, bunduki ilikuwa palepale, mzimamzima, kama haikuhusika.

Mzee alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa miaka sabini na kitu.

## Mtumba wa jeshi

Mzee ni Mkamba wa Machakos, yuko huku tangu mimi sijazaliwa. Mimi ni mtoto wa Temeke, mkata vyuma: kutwa nzima nasimama kwenye mashine ya kuchonga vipuri, na kila kipuri lazima kipimwe kabla hakijaondoka mezani. Ndiyo maana aliniita. "Wewe ni fundi wa vyuma. Hii ni chuma. Kuja uangalie."

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield namba 4, ya risasi .303, ile ambayo wazee wa Kenya wanaiita thrii-o-thrii bila kuongeza neno. Kilo nne na ushei, mbao mpaka karibu na mdomo, magazini ya risasi 10. Ubavuni kushoto imegongwa maneno "U.S. PROPERTY", mali ya Marekani, jambo lililomchanganya sana Mzee kwa sababu yeye alitaka bunduki ya Mwingereza.

Ni ya Mwingereza. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza walielemewa, Wamarekani wakawatengenezea zaidi ya milioni moja katika kiwanda cha Savage, mji wa Chicopee Falls, Massachusetts. Zikagongwa muhuri wa mali ya Marekani kwa sababu kwenye makaratasi zilikuwa za kuazima. Askari wa Kimarekani hakupewa. Zikapanda meli, zikapigana huko zilikopigana, kisha vita vilipokwisha zikarudi zilikozaliwa, safari hii kama mtumba.

Sina neno zuri zaidi ya hilo. Mtumba wa jeshi. Hii ya Mzee haina muhuri wa kampuni iliyoiagiza, maana yake iliingia kabla ya sheria ya mwaka 1968. Enzi hizo mtu alikata kuponi gazetini, akatuma pesa, posta ikamletea bunduki mlangoni. Ile ya Kiitalia iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa hivyohivyo, kutoka duka la Chicago.

Na mtumba, yeyote aliyewahi kusimama soko la Karume au Gikomba anajua unavyonunuliwa. Kola ya shati haikuambii kitu. Unaligeuza, unaangalia makwapa.

Mimi niliangalia kola.

## Maneno matatu ya baba yake

Sababu ya Mzee kutaka bunduki hii ni baba yake. Alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, matope mpaka magotini, mpaka wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Alirudi na koti, na malaria, na maneno matatu ambayo watoto wake waliyasikia kila akinywa: Kabaw, Chindwin, Kalewa. Hakueleza. Walidhani ni majina ya watu.

Keya walipitia Enfield za kila namna, ile ya zamani yenye pua butu na hii namba 4. Baba alibeba ipi, Mzee hajui na hataki kubishana. "Ni ndugu," anasema. "Ndugu wanafanana."

Mimi nami Enfield ya kwanza kuiona ilikuwa ya shaba. Pale Posta, Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Nimeipita pale mara ngapi nikiwa nimening'inia mlangoni mwa daladala? Sikuwahi kujiuliza kama ile bunduki ilikuwa inapiga. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) tulishika bunduki ya SMG, na SMG haikupi muda wa kuipenda.

Nayaeleza haya ili muelewe kwamba siku ile kwenye tairi hakuna aliyekuwa na macho makavu ya mkaguzi. Mzee alitaka bunduki iwe nzima kwa ajili ya baba yake. Mimi nilitaka iwe nzima kwa ajili ya Mzee.

## Nilichokiona na nilichokiruka

Mtutu ulinipa moyo. Mwanzo ulikuwa mweusi kama bomba la chooni, ila baada ya vitambaa ishirini na dawa ya kusafishia ukaanza kung'aa, na mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ikajitokeza mikali. Mifereji miwili tu badala ya mitano. Wakati wa vita waligundua miwili inalenga vizuri na inachongwa haraka, nami kama mchonga vyuma niliwasalimu wale watu kimoyomoyo. Nikachukua risasi, nikaidumbukiza pua yake kwenye mdomo wa mtutu. Mtutu uliochoka huimeza mpaka ganda ligonge chuma. Huu uliikataa mapema, ikabaki nafasi nzuri tu. Mbao zilikuwa na mikwaruzo lakini hakuna ufa pale nyuma kwenye kifundo, mahali ambapo hupasuka.

Halafu bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu.

Bolti ya Enfield hugongwa namba nyuma ya mkono wake, na namba hiyo inapaswa kuwa sawa na ya bunduki. Zilikuwa tofauti. Mahali fulani, mwaka fulani, kwenye meza ya ghala lililojaa bunduki zilizofunguliwa, mtu alichukua bolti iliyokuwa karibu na mkono wake.

Kiwandani, bolti na bunduki vilikuwa vinasuguliwa mpaka meno mawili yanayofunga yaegemee sawasawa. Kubadilisha bolti ni sawa na kuvaa meno ya bandia ya jirani. Pengine yatakukaa. Lazima upime, na kipimo chenyewe ni geji, vipande vidogo vya chuma vinavyoingizwa mahali pa risasi kuona bolti inafunga au inakataa.

Sikuwa na geji za .303. Kuziagiza ni wiki moja. Mzee alishaongea na mkwe wake kuhusu shamba, pikapu ilishajazwa mafuta.

Nikasema, tutatumia kamba. Kama kuna ubaya, utajionyesha kwenye tairi.

Hapo ndipo nilipokosea. Kamba inakuambia kama bunduki itapasuka leo, basi.

## Kumi mpya, tano za kale

Tatu kwa kamba, saba kwa bega. Mzee alipiga nne, mimi tatu, kwenye karatasi iliyobandikwa yadi 100 mbele ya lundo la udongo. Zote saba zingefunikwa na kisahani cha chai, ila zilikaa juu ya tulipolenga, kiganja kizima. Hilo halikunishtua, tundu kubwa la kulengea limewekwa kwa yadi 300, kwa hiyo karibu hivyo risasi lazima ipite juu. Mzee aliitoa ile karatasi akaikunja kama cheti cha ndoa.

Kisha akatoa mfukoni risasi tano za zamani.

Alipewa pamoja na bunduki. Zimegongwa 55 kitakoni, zina umri karibu sawa na wake. Ya sita alikuwa ameshaifungua nyumbani ili anionyeshe, na ndani hapakuwa na baruti ya chengachenga kama tuliyoizoea. Palikuwa na tambi. Nyuzi za kahawia zilizolala kwa urefu, ungesema ni za kupika Idi. Ndiyo kodaiti, baruti ya Waingereza, na inawaka kwa joto kali linalokula mtutu kidogokidogo.

Nilimwambia tusizipige. Akaniangalia tu. Kuna namna mzee akikuangalia unajikuta umeshakubali.

Ya kwanza ikapiga. Ya pili ikapiga. Ya tatu akabonyeza, tukasikia *tk*.

Kimya.

"Usisogee, Mzee. Ielekeze hukohuko."

Sijamaliza sentensi, ikapiga. Sekunde moja, pengine na nusu. Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ilikuwa imeshika moto lakini inawaza. Kama angekuwa na haraka, kama angefungua bolti aone kuna nini, ningekuwa naandika habari nyingine. Utaratibu ni kungoja nusu dakika nzima, mdomo wa bunduki umeelekea kwenye udongo, na nusu dakika hiyo ni ndefu kuliko ibada.

Mbili zilizobaki nilizitia mfukoni mwangu bila kuomba ruhusa. Hakusema kitu.

## Ya bunduki kwanza

Risasi za zamani zina ubaya mwingine: fataki yake ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu. Mtu wa pwani haelezwi habari za chumvi na chuma. Mafuta hayaiondoi, yanaifunika tu. Kinachoiondoa ni maji, na bora yawe ya moto ili chuma kikauke chenyewe. Askari wa Kiingereza alikuwa na faneli maalumu ya kumiminia maji yanayochemka.

Tukachemsha birika jikoni kwa mkwe. Nikasimamisha bunduki mdomo chini, nikaanza kumimina kupitia nyuma. Maji yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe.

Nikamsikia Mzee nyuma yangu anasema kwa sauti ya chini, "Ya bunduki kwanza."

Nikageuka.

Baba yake, akaniambia, kila birika lilipochemka pale nyumbani, kabla hajamruhusu mtu kumimina chai, alikuwa akimwaga kikombe cha kwanza nje mlangoni na kusema hivyo, kwa Kiswahili, sio Kikamba. *Ya bunduki kwanza.* Watoto wakajua ni tambiko. Mama akajua ni ubishi. Hakuna bunduki iliyokuwamo nyumbani, haikuwahi kuwamo.

Nikaendelea kumimina. Birika lilikwisha, akaenda kuchemsha lingine, ingawa halikuhitajika.

## "Nzima, Mzee"

Tulikuwa tunafungasha. Nilikuwa nimeokota maganda yote majanini kwa sababu lile ni shamba la watu na lina ng'ombe, nikayasukumia mfukoni mwa koti bila kuyatazama. Mzee akaniuliza, huku anaifunga bunduki kwenye blanketi:

"Kijana. Iko sawa ama haiko sawa?"

"Nzima, Mzee."

Neno moja. Nililisema jinsi unavyomjibu mtu aliyekuuliza habari za nyumbani: nzuri. Hata kama juzi umezika.

Akanipa mkono, akaushika muda mrefu.

Siku zilizofuata neno lile likawa linanirudia kazini. Nipo kwenye mashine, nina mikromita mkononi, nakataa kipuri cha dola tano kwa sababu kimezidi unene wa unywele, na sauti yangu mwenyewe inaniambia, *nzima, Mzee*. Ulipima nini? Nilipima mlio. Nilipima karatasi yenye matundu. Nilipima furaha ya mtu.

Nikajituliza kwamba ilipiga kumi na tatu bila tatizo. Kumi na mbili, ukiondoa ile iliyowaza.

## Mashine ya kufulia

Wiki ya tatu, baridi ikawa ya kweli, nikatoa koti zito na kutupa lile jepesi kwenye mashine ya kufulia. Baada ya dakika mbili nyumba nzima ikaanza kugongwa. Mke wangu alikuja mbio akidhani mtoto ametia sarafu.

Nikayatoa maganda, meupe pepe, hayajawahi kuwa safi namna ile tangu kiwandani. Nikayapanga kwenye meza ya jikoni ili yakauke. Na kwenye mwanga wa taa ile ya juu ya jiko nikaiona.

Pete.

Mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka ganda, kama sentimita moja juu ya kitako. Haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa ni shaba iliyovutwa.

Risasi inapolipuka, sehemu ya mbele ya ganda, iliyo nyembamba, inavimba na kung'ang'ania kuta za chemba, mahali risasi inapokaa. Sehemu ya nyuma inasukumwa kurudi mpaka ikutane na uso wa bolti. Kama bolti iko karibu, hakuna safari. Kama kuna uwazi, ganda linavutika katikati, mbele limeshikwa na nyuma linakwenda. Leo litavutika. Ukilijaza baruti tena litavutika tena. Siku moja linakatika vipande viwili, na moto uliokusudiwa kwenda mbele unatafuta njia ya kurudi kwa aliyelenga.

Nilinyoosha kibanio cha karatasi, nikakipinda ncha kuwa kindoana, nikakiingiza ndani ya ganda na kukikwaruza taratibu ukutani. Kwenye maganda mengi kiliteleza. Kwenye mawili kilikwama, kitu kidogo sana, kama ukucha unavyokwama kwenye ufa wa kikombe. Nikarudia. Kikakwama palepale.

Mke wangu akauliza nina nini. Nikasema nimegeuza makwapa.

## Simu

Kumpigia mzee kumwambia umekosea sio kazi ya dakika mbili. Kwanza unamwamkia, kisha hali ya hewa, kisha mguu wake, kisha mama, kisha mkwe. Yeye ndiye aliyeniokoa, au kunimaliza, kwa habari zake. Mjukuu wake wa miaka kumi na minne anakuja sikukuu ya Shukrani, na amemwahidi kuipiga bunduki ya babu. Tena amenunua mashine ya mkono ya kujazia maganda, maana risasi za .303 zimekuwa ghali. Anataka kuanza na yale maganda yetu. Ninayo bado?

"Ninayo, Mzee. Ndiyo niliyokupigia."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila hata kuguna, na kuguna kwenye simu ndiko kunakokujulisha mwenzako yupo.

"Kijana, si uliniambia nzima?"

"Nilikuambia."

"Ulikuwa umeangalia?"

Hapo ningeweza kusema mengi: geji hazikuwapo, wewe ulikuwa na haraka, ilipiga vizuri. Yote ya kweli.

"Sikuangalia, Mzee."

Kimya tena, kirefu kuliko kile cha ile risasi ya tatu.

"Basi leta hizo geji."

## Karatasi moja

Geji zilikuja nne. Ukiondoa maneno ya kitaalamu, kila moja ni kipande kinachojifanya ukingo wa risasi: inchi 0.064, 0.067, 0.070 na 0.074. Unaiweka, unasukuma bolti kwa kidole kimoja bila nguvu. Kwa ya kwanza lazima ifunge. Kwa nyingine, inategemea unamwamini nani.

0.064 ikafunga. 0.067 ikafunga. Mzee alikuwa amesimama kichwani kwangu, nasikia pumzi yake.

0.070 ikafunga.

0.074 ikakataa.

Sasa hapa ndipo pagumu, na ndipo nilipokaa wiki nyingine nzima kichwani. Kwa vipimo vya kiraia vya Marekani, bunduki inayofunga kwenye 0.070 inatolewa kazini. Kwa vipimo vya jeshi la Uingereza, inayokataa 0.074 inarudi kwa askari. Tofauti ya hukumu hizo mbili ni inchi 0.004, unene wa karatasi moja ya daftari. Nilikuwa nimeshika bunduki inayokaa ndani ya hiyo karatasi.

Mzee alielewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Kwa hivyo jeshi lingempa baba yangu hii."

"Lingempa."

"Na akaenda nayo na akarudi."

Sikuwa na jibu la papo kwa papo, na bado silipendi nililompa. Nilimwambia jeshi lilikata chemba za Enfield pana makusudi, ili matope yasizuie risasi kuingia. Matope yaleyale ya Kabaw. Ganda lilitumika mara moja likaachwa majanini. Hakuna askari aliyeokota maganda ayajaze upya sebuleni. Kipimo cha 0.074 kiliandikwa kwa mtu mwenye risasi mpya kila siku na adui mbele yake. Ndani ya mahesabu yale bunduki hii ni nzima kweli. Wewe, Mzee, una maganda yaleyale kumi na mjukuu.

"Na baba yangu hakuulizwa," akasema.

"Hakuulizwa."

Akaenda kuweka birika.

## Namba tatu

Enfield namba 4 ina ujanja mmoja ninaouheshimu. Kichwa cha bolti kinafunguka kwa mkono kama kifuniko, na vilitengenezwa kwa urefu tofauti, vimegongwa 0, 1, 2 na 3, kila namba ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Fundi wa jeshi alikuwa anabadilisha mpaka uwazi ukae sawa. Cha Mzee kilikuwa 1. Namba 3 siku hizi ni adimu na wauzaji wanalijua hilo. Tulikipata kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mama yake mjukuu anasoma blogu hii. Tena namba sio ahadi. Nilimwomba muuzaji akipime na kunitumia picha ya mikromita kabla ya kulipa.

Kilipofungwa: 0.064 ikafunga, 0.067 ikakataa. Nikaangalia pia meno mawili, nikiyapaka wino na kufunga bolti mara kadhaa. Wino ulisuguka pande zote mbili, kushoto zaidi kuliko kulia. Sio sawasawa, ila yote mawili yanabeba.

Niseme tu kwamba pete haikwishi kabisa hata hapo. Chemba bado ni pana, na kichwa kipya hakiipunguzi. Unaweza kuvalisha ganda jipya oringi ndogo, pete ya mpira, karibu na ukingo, ili siku yake ya kwanza libanwe kwa nyuma lisipate mahali pa kusafiri. Ukilijaza upya, unabana shingo yake tu na kuliacha bega lake lilivyojipima lenyewe ndani ya ile chemba. Na unalitupa mapema, kabla hujalizoea.

Yale maganda kumi na matatu sikumrudishia. Nilimwachia mawili, yale yaliyokwama ndoana.

Mjukuu alikuja Ijumaa, siku ya pili ya sikukuu. Kiswahili chake ni cha kuombea chakula, lakini anasikia. Tulirudi shamba lilelile, theluji nyembamba imeshatandika. Risasi moja kwanza kwa kamba, ile ileile ya katani, ambayo yeye aliipenda kuliko kitu chochote. Kisha tano kwa bega, moja moja, babu nyuma yake kamshika mgongo. Baada ya kila moja bunduki inawekwa chini, bolti wazi, na ganda linakuja kwangu likiwa bado na joto.

Baada ya ile ya pili akauliza tunatafuta nini humo ndani. Nikampa kindoana na ganda la zamani, lile baya. Alikwaruza mara moja tu, macho yakamtoka. Nikampa la sasa hivi. Akakwaruza, akazungusha, akakwaruza tena.

"Hapa hakuna."

La tatu hakuna. La nne hakuna.

Kwa la tano alikaa muda mrefu, amefumba macho, pua inamtiririka kwa baridi. Babu yake alikuwa ameshaanza kukunja kamba. Mimi nilikuwa nimeshainua blanketi.

"Hii," akasema. "Hii mimi sijui."

Mzee akaacha kukunja. Akalichukua lile ganda kwa vidole viwili, akaliweka juu ya boneti ya pikapu, mbali na mengine.